Kuzika mtu kijijini kandokando ya Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila kunapotokea kilio huko Kabare, Walungu, Kalehe, Idjwi na Mwenga, mkoa wa Kivu Kusini, Kongo. Anayesoma huku maiti iko ndani ya nyumba aanze na sehemu ya kwanza, mengine ayasome mwili ukishatayarishwa.

## Saa za kwanza

Je, kijijini kuna kampuni ya mazishi ya kupigia simu?

Hakuna, na msipoteze asubuhi kuitafuta. Kazi ambayo Bukavu inafanywa na nyumba moja, kijijini imegawanyika kwa watu sita au saba: muuguzi mkuu wa kituo cha afya (titileri), chefu wa kijiji, katekista au mchungaji, seremala, vijana wa kuchimba, mwenye gari au boti, na mweka pesa wa mutualite (chama cha kusaidiana). Kila mmoja anajua kipande chake tu. Kwa hiyo mchague mtu mmoja wa kuviunganisha vipande hivyo, na asiwe mjane wala mtoto wa marehemu. Shemeji, mjomba au jirani mtulivu anafaa zaidi. Apewe daftari, simu yenye chaji, na neno la mwisho kuhusu pesa.

Tuanze kwa nani?

Muuguzi, kisha chefu, kisha kanisa au msikiti, kisha seremala na wachimbaji, gari mwisho. Muuguzi anatangulia kwa sababu chanzo cha kifo ndicho kinachoamua nani aguse mwili, karatasi gani itatoka, na kama mtazika leo au kesho. Familia nyingi hukimbilia sanduku kwanza. Halafu linakaa limekamilika uani huku chefu amekwenda sokoni na hakuna aliyeonyesha mahali pa kuchimba.

Hatumjui seremala wala dereva. Tuulize wapi?

Waulizeni watu waliozika mwezi uliopita. Hao ndio wanaojua bei iliyolipwa kweli, nani alichelewa, na nani alitoa mbao mbichi. Katekista naye huwajua wote, kwa kuwa amesimama kwenye kila kaburi la shirika lake (jumuiya ndogo ya kanisa). Kwa gari, nendeni penye kituo cha taksi-moto: vijana wale wanajua gari lipi liko zima na barabara ipi imekatika tangu mvua ya jana. Kijiji kikiwa kidogo mno, maseremala wako kwenye senta za soko kama Walungu, Nyangezi, Kavumu, Katana au Minova.

Mwili unaweza kukaa nyumbani muda gani bila baridi ya hospitali?

Kwenye milima ya Bushi (nchi ya Washi, Kabare na Walungu), usiku una ubaridi na saa 24 hazileti shida. Saa 48 zinawezekana kama mwili umetayarishwa vizuri na marehemu hakuwa amevimba wala kuwa na vidonda. Tambarare ya Ruzizi, kuanzia Kamanyola kushuka, ni joto: huko zikeni siku hiyohiyo au asubuhi inayofuata.

Kazi ya lazima ni ya saa mbili za kwanza, kabla viungo havijakakamaa. Fungeni macho, fungeni taya kwa kitambaa kinachozunguka kichwa, nyosheni mikono na miguu, funganisheni vidole gumba vya miguu. Ondoeni godoro, maana linashika joto; laza mwili juu ya ubao wenye karatasi ya plastiki na shuka. Wekeni pamba puani na sehemu za chini. Dirisha libaki wazi, na jiko la makaa lisiingie chumba hicho hata kama wanaokesha wanasikia baridi. Viungo vikiwa vimeshakakamaa, msivivunje kwa nguvu. Vitalegea vyenyewe baada ya siku moja au mbili, au seremala aongeze upana.

Na formoli (dawa ya kuhifadhi maiti)?

Inasaidia kama safari ni ndefu au mnangoja mtoto anayetoka mbali. Iwekwe na muuguzi au mtu wa chumba cha maiti mwenye glavu, dirisha likiwa wazi, kwa sababu inachoma macho na mapafu. Msinunue chupa na kujaribu wenyewe. Pia si badala ya kuzika: mwili ulioanza kuharibika haurudishwi na formoli.

Nani aruhusiwe kuosha mwili?

Kwa kifo cha kawaida, wazee wa familia wa jinsia ileile, wenye glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi, na sabuni ya kutosha. Maji ya kuoshea yamwagwe kwenye shimo, mbali na kisima. Kama kulikuwa na kuhara kama maji, kutoka damu, au homa ambayo haikuelezeka, simameni hapo na msome sehemu ya mwisho kabla ya mtu yeyote kugusa.

## Karatasi

Karatasi gani zinatakiwa, na zinatoka wapi?

Ni tatu, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni *certificat de décès*, inayoandikwa na daktari au kituo cha afya. Inasema mtu amekufa na mara nyingi inataja sababu. Kama alifia nyumbani, titileri aje auone mwili ungali haujazikwa. Akija baada ya kuzika, atasita kuandika, na ana haki ya kusita.

Ya pili ni ruhusa ya kuzika. Kijijini mara nyingi ni neno la chefu au karatasi yake yenye muhuri. Mjini ni *permis d'inhumer* ya komini (ofisi ya mtaa wa mji).

Ya tatu ni *acte de décès*, ya ofisi ya hali ya kiraia, kwenye cheferi (utawala wa mwami) au ofisi yake ndogo. Hii ndiyo inayodumu. Nendeni na karatasi ya kwanza, kadi ya uchaguzi ya marehemu, kadi ya anayetangaza kifo, na mashahidi wawili wazima. Kabla ya kutia sahihi, someni jina herufi kwa herufi: tofauti ya herufi moja na kadi inatosha kuzuia faili baadaye.

Kwa nini tuhangaike na acte wakati mtu ameshazikwa?

Kwa ajili ya pensheni ya CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), mshahara wa mwisho wa mwalimu au askari, akiba iliyo benki au kwenye kooperative, na hasa kwa ajili ya mjane na watoto shamba likianza kugombaniwa. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto na mwenzi aliyebaki nafasi katika urithi, lakini mbele ya hakimu nafasi hiyo inaanza na karatasi. Msingoje mwezi uishe. Muda ukipita, ofisi itawatuma mahakama ya amani kutafuta hukumu, *jugement supplétif*, na hiyo ina gharama, safari na mashahidi wa kulisha.

## Hospitali na chumba cha maiti

Alifia hospitali ya Bukavu. Tumwache chumba cha maiti au tumpeleke nyumbani mara moja?

Kama kaburi na gari viko tayari, mpelekeni. Chumba cha maiti kinahesabu kwa siku, na siku ambayo mnadhani ni ya kupanga ndiyo inayomaliza pesa za sanduku. Kukaa kuna maana kama mnangoja mtu wa lazima, barabara imekatika, au kuna uchunguzi wa polisi.

Kabla ya kutoka, mtu wa familia afunue na kuangalia uso. Miili imeshabadilishana katika vyumba vilivyojaa, na kosa hilo halionekani hadi kilio kiwe kimejaa watu.

Hospitali inashikilia mwili kwa deni. Tufanye nini?

Hili ndilo swali linaloumiza kuliko yote, na ugomvi mlangoni haujawahi kulisuluhisha. Fuateni mpango huu.

Kwanza ombeni faktira (ankara) yenye mistari, siyo jumla tu: vitanda, dawa, oparesheni, siku za chumba cha maiti. Mara nyingine mna risiti za dawa mlizonunua nje na bado zimehesabiwa. Pili, mwombeni mhudumu wa jamii wa hospitali (service social), si kashia. Kashia hana uwezo wa kupunguza. Tatu, nendeni na barua mbili, ya chefu na ya paroko au mchungaji, zinazosema familia ni nani na inaishi wapi. Nne, lipeni sehemu na mtie sahihi ya ahadi ya kulipa iliyobaki, mkiwa na mdhamini mwenye mshahara: mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa parokia. Mdhamini ndiye anayefungua mlango mara nyingi zaidi kuliko machozi.

Wakati mazungumzo yanaendelea, ombeni kwa maandishi kwamba siku za chumba cha maiti zisimame. Si kila hospitali inakubali, lakini isiyoombwa haikubali kamwe. Na kama marehemu alikuwa mwanachama wa mutualite ya afya, angalieni kadi yake siku hiyohiyo. Baadhi zinalipa matibabu tu, nyingine zina kiasi cha mazishi.

## Sanduku

Tumpe seremala vipimo gani?

Pimeni mwili ukiwa umelala: toka utosini hadi kisiginoni, na upana wa mabega mikono ikiwa ubavuni. Ndani ya sanduku, ongezeni sentimita 10 hadi 15 kwenye urefu na 8 hivi kwenye mabega. Kwa mtu mzima wa kawaida inatoka urefu wa mita 1,90, upana wa sentimita 55 hadi 60 na kina cha 40. Pimeni kwa futi ya fundi yenye sentimita, si kwa kamba inayovutika. Na pimeni mlango wa nyumba kabla: sanduku lililopita mlango likiwa tupu, kwa kuinamishwa, halitapita hivyo likiwa na mtu ndani.

Mbao ngapi, na za mti gani?

Mbao 6 za mita 4, upana wa sentimita 25 na unene wa 2,5, zinatosha sanduku la vipimo hivyo. Ongezeni nusu kilo ya misumari ya sentimita 7, kamba ya mishiko, karatasi ya plastiki ya kutandika chini, na mita 5 za kitambaa cheupe. Chini ya plastiki wekeni unga wa mbao au majivu makavu, tabaka la vidole viwili, ya kunyonya maji.

Grevilea na sipre kavu ni nyepesi na zinashika msumari. Kalitusi (mkaratusi) ndiyo inayopatikana kirahisi, na ndiyo inayotoa shida: ikiwa mbichi ni nzito mno kwa wabebaji na inapasuka msumari unapoingia karibu na ncha. Kama hakuna nyingine, seremala atoboe kwanza kwa msumari mwembamba uliowashwa moto. Mbao ngumu za bei kali hazina faida yoyote ardhini. Zinanunuliwa kwa macho ya watu. Seremala mmoja na msaidizi, mbao zikiwa zimepigwa randa, wanamaliza kwa saa 5 au 6.

Tunaweza kuzika bila sanduku?

Ndiyo. Waislamu wanazika kwa sanda, vitambaa 3 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke, na wanataka iwe siku hiyohiyo. Kwa wengine, mkeka mpya na shuka vilitosha miaka mingi, na bado vinatosha familia isiyo na kitu. Kama ni hivyo, bebeni kwa machela, na chini kaburini muwe na watu wawili wa kupokea.

## Kusafirisha

Gari hufika wapi, na tukubaliane nini na dereva?

Ulizeni gari linafika mpaka wapi leo, si mpaka wapi kwa kawaida. Kutoka Bukavu hadi Walungu senta au Kavumu ni safari fupi kwa kiangazi. Msimu wa mvua, toka Septemba hadi Mei, kilima kimoja chenye matope kinaweza kuwashusha wote.

Kabla ya kupakia, mambo manne yasemwe mbele ya mashahidi: nani analipa mafuta, nani analipa kwenye vizuizi vya barabarani, dereva atangoja saa ngapi kaburini, na gari likikwama itakuwaje. Lipeni nusu, iliyobaki baada ya kufika. Karatasi ya kifo ikae mbele kwa dereva. Kama mnalipa kwa dola, angalieni noti mapema: iliyochanika hata kidogo itakataliwa.

Barabara inaishia mbali na kijiji. Je, tubebe kwa kipoyi (machela ya begani)?

Ndiyo, na ni kazi ya kupanga. Wabebaji 8, wanne wanabeba na wanne wanapumzika, wakibadilishana kila mita 300 hivi, na mmoja mbele mwenye panga. Kwenye kupanda, kilomita moja inachukua dakika 20 au zaidi. Miguu ya marehemu itangulie mnapoteremka, kichwa mnapopanda, ili mwili usiteleze upande mmoja. Msiweke sanduku juu ya taksi-moto. Jambo hilo linafanyika, tunajua, na kwenye kona za mteremko limeua waliokuwa hai.

Tunakwenda Idjwi. Boti inabeba maiti?

Inabeba, mkikodi yote. Kuweka maiti kati ya abiria na mizigo ya soko kunaleta ugomvi bandarini. Ondokeni alfajiri, kabla upepo wa mchana haujachafua ziwa. Sanduku liwekwe chini katikati, sambamba na boti, lifungwe. Likiwekwa juu ya mizigo linafanya boti iyumbe. Wanaosindikiza wawe wachache, wenye jile (koti la kuelea), wengine wasafiri boti ya kawaida. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma ikiwa imejaa kupita kiasi.

## Kaburi

Tunaweza kuzika nyumbani, kwenye migomba?

Kwa desturi ya Bushi ndiyo, kama shamba ni lenu. Hapo ndipo pa kuangalia. Shamba la kalinzi (haki ya kudumu ya ardhi iliyolipiwa kwa chefu) au lililonunuliwa halina tatizo kubwa, ingawa chefu lazima ajue. Shamba la bwasa, mliloazima kwa msimu mmoja au miwili, msichimbe. Kaburi ni alama ya kudumu, na mwenye ardhi atalisoma kama jaribio la kumnyang'anya. Kesi kama hizo zimefikia kufukua mtu. Msipokuwa na shamba, mwombeni chefu nafasi kwenye makaburi ya kijiji au ya parokia.

Kina gani, na mbali gani na maji?

Mita 1,5 ni kiasi cha chini, mita 2 ni bora. Urefu na upana vizidi sanduku kwa sentimita 25, kwa hiyo wachimbaji wapewe vipimo vya nje vya sanduku lenyewe, si vya kukisia. Kaburi lisipungue mita 30 kutoka kisima au chemchemi, na kama chemchemi iko chini ya mteremko huohuo, ongezeni hadi 50 au zaidi. Maji yakitoka chini wakati wa kuchimba, hameni. Msizike ndani ya maji kwa sababu ya uchovu.

Vijana 6 hadi 8 wenye sururu mbili, majembe na mabeleshi mawili wanamaliza kwa nusu siku kwenye udongo mwekundu. Wakati wa mvua waanze alfajiri, wafunike shimo kwa shitingi (turubai), na wachimbe mfereji juu ya kaburi kugeuza maji. Udongo uliotolewa ukae nusu mita toka ukingoni, la sivyo ukingo utabomoka na aliye ndani. Kamba mbili za mita 8 za kushushia zitafutwe mapema. Hizi ndizo zinazosahauliwa kila mara.

## Kanisa, kilio na pesa

Kanisa linakataa kuzika kwa sababu hakulipa michango. Tutazika bila sala?

Ongeeni na paroko au mchungaji mwenyewe, si na mwenye daftari la michango. Mara nyingi anayekataa ni kamati. Akishikilia, mzee wa familia au mchungaji wa jirani anaweza kuongoza sala kaburini. Mwili usingoje kesi ya daftari.

Chakula kiasi gani?

Kwa watu 100, mlo mmoja: kilo 25 za unga wa bugali, kilo 10 za maharagi makavu, na bidoni 10 za maji kwa siku. Nyama si lazima, na kasiksi (pombe ya ndizi) iwe baada ya kaburi kufunikwa. Mkizika asubuhi mnapika mara moja, mkizika jioni mnapika mara tatu.

Michango iwekwe wapi?

Watu wawili: mmoja anapokea, mmoja anaandika jina na kiasi, franka na dola kwenye safu tofauti. Pesa za simu ziingie kwenye namba moja tu iliyotangazwa, na isiwe ya mjane, kwa sababu siku hizo simu yake iko mikononi mwa kila mtu. Hesabu isomwe hadharani kabla watu hawajatawanyika. Kinachobaki ni cha nyumba ya marehemu, si cha kumalizia kilio kwa sherehe.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Tunashuku kolera au Ebola.

Msiguse, msioshe, na msimwage nguo zake mtoni. Mwambieni reko (mjumbe wa afya) wa kijiji au titileri, naye atawasiliana na zone ya afya, ambayo pamoja na Msalaba Mwekundu inaleta timu ya mazishi salama. Ebola si jambo la Beni na Butembo peke yake: Agosti 2019 ilifika Mwenga. Mna haki ya kuomba sala, kuona uso kwa mbali, kuchagua mahali pa kaburi na kumtaja mtu wa familia atakayeshuhudia kila hatua. Ombeni hayo kabla timu haijaanza kuvaa.

Kwa kolera masharti ni mepesi kidogo, lakini mazishi yawe ya haraka, mwili upuliziwe klorini ya 2 % na wahudumu, mikono ioshwe kwa ya 0,05 %, na aliyeshika mwili asipike chakula cha kilio.

Ajali ya gari au kuuawa?

Mwili usisogezwe kabla ya polisi kufika, kama usalama unaruhusu. Pigeni picha. Kwa ajali, dai nakala ya PV (hati ya maelezo) ya polisi wa rulaje (wa barabarani), bila hiyo bima haizungumzi nanyi. Kwa mauaji, mwombeni OPJ (afisa wa upelelezi) amwandikie daktari aangalie mwili kabla ya kuzika. Kufukua baadaye ni amri ya mahakama.

Mtoto aliyezaliwa amekufa?

Anazikwa na wazee wachache, bila kilio kirefu. Kituo cha afya kinaandika, na mama apumzike: asilazimishwe kwenda kaburini siku hiyo.

Maafa yameua wengi, na watu wanazikwa kwa pamoja. Tutampataje wetu?

Mei 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, yaliua zaidi ya watu 400, na wengi walizikwa kabla ya kutambuliwa. Nendeni mapema. Ombeni kila mwili upigwe picha ya uso, nguo na alama za mwilini, upewe namba, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye kigingi cha kaburi na kwenye daftari la chefu.

Mwili haukupatikana, alizama ziwani.

Ofisi ya hali ya kiraia haiwezi kuandika kifo bila mwili. Kusanyeni majina ya walionusurika, orodha ya abiria ikiwepo, na karatasi ya bandari au ya chefu, mkayapeleke mahakamani ili kifo kitangazwe kwa hukumu. Kilio kinaweza kufanyika bila kungoja hukumu hiyo. Mwili ukionekana baadaye ufukweni, wavuvi humwarifu chefu wa pale, kwa hiyo mwachieni namba ya simu na maelezo ya nguo alizovaa, kwenye kila bandari ndogo ya upande ule wa ziwa.